Mafiga Yetu na Mawe ya Kisiwani

Enzi za Wabelgiji nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni upande wa Wamaza. Mtoto wetu wa kwanza alikufa kabla ya kuota meno. Kwetu, mtoto wa umri huo alizikwa na wanawake, nyuma ya nyumba, baba asiwepo. Nilikaa barazani nikingoja. Mama yangu alirudi, akanawa mikono, akasema, "Imeisha." Jumatatu nilikwenda darasani kama kawaida.

Nieleze polepole, maana vijana wa leo hawakuziona siku zile. Amri ilikuwa imetoka kwamba vijiji vihamie kando ya barabara kabla ya mvua. Makaburi ya wakubwa yangebaki msituni, lakini njia ya kufika huko ilijulikana. La mtoto halikuwa na alama. Nyumba ikishabomolewa na majani kuota, nani angelipata tena? Mke wangu hakulisema hilo. Kila jioni alifagia mahali pamoja tu huko nyuma, na ndivyo nilivyopajua.

Wiki hiyo padri aliniazima gazeti lenye picha za kisiwa kidogo cha Ulaya. Palikuwa na vyumba vya mawe makubwa, nyumba za wafu, zilizojengwa kabla watu wa huko hawajajua kuandika. Nilitaka wanafunzi waelewe ujenzi wake, basi nikajaribu kwanza jikoni. Mafiga yetu yalikuwa baridi. Majirani ndio waliotuletea bugali.

"Tazama," nilimwambia mke wangu. "Wanasimamisha mawe. Wanajaza udongo mpaka juu, wanavuta jiwe pana juu ya magogo, kisha wanaondoa udongo."

Nikaliweka jiwe la kusagia juu ya yale mafiga matatu. Likatulia.

"Ndani wanalaza nani, Mwalimu?"

"Watu wa ukoo. Mwingine akifa, wanafungua, wanamwongeza."

"Na mutoto mudogo?"

Kesho yake nilimuuliza padri. Alisema mifupa ya watoto ilikutwa humo, imechanganyika na ya wakubwa. Nilimletea mke wangu jibu hilo. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mboga.

Darasani somo lilikwenda vizuri. Mwanafunzi mmoja alisema, "Hao walikuwa na bahati, Mwalimu. Kisiwa chao hakina barabara." Wote wakacheka, nami nikacheka kwa kuwa walicheka.

Siku ya kuhama tulibeba milango, vyungu na kuku. Jioni, kwenye nyumba mpya, mama yangu aliuliza, "Mafiga iko wapi?"

Mke wangu aliendelea kupanga vyungu.

"Mwanamke anahama na vyungu, anaacha mafiga! Tutapikia juu ya magoti yako? Mwanangu, rudi ukayalete."

Nilirudi peke yangu. Nyumba ilikuwa miti mitupu. Huko nyuma, mahali palipofagiwa, mafiga matatu yalisimama yamekaribiana, na juu yake jiwe la kusagia. Nililisukuma kidogo kwa kidole. Halikutikisika. Nilisimama nikingoja machozi. Hayakuja, nikaondoka.

"Yako wapi?" mama aliuliza aliponiona nikirudi mikono mitupu.

"Iko na kazi kule, mama."

Alimtazama mke wangu kwa muda. Kisha akajifunga kitambaa kiunoni, akashuka mtoni, akarudi na jiwe kichwani. Akalitua kwenye jiko jipya, akashuka tena.