Kibuyu cha Mawese Kilichopungua Njiani

Katika hadithi ninazoandika hakuna anayeuawa. Kuku anapotea, mwiko unahamia nyumba ya jirani, watu wanatazamana kwa jicho la pembeni, na kabla ugali haujapoa jambo limejulikana. Nikiulizwa nilijifunza wapi kazi hii, husema ni kati ya Baraka, kando ya ziwa, na Fizi, juu mlimani kwenye baridi, kiangazi kimoja cha miaka ya hamsini.

Shule niliiacha mapema kwa sababu dirisha la darasa lilitazama barabara. Tangu hapo nikawa mtu wa kupanda na kushuka: ndagala, yaani dagaa wakavu, kutoka ziwani kwenda Fizi, maharagwe kutoka Fizi kwenda ziwani, kwa miguu au juu ya magunia ya pamba kama dereva ana moyo mzuri. Masika niliyapenda kwa utelezi wake, maana huwafanya watu wasimame wazungumze. Kiangazi nilikipendea vumbi. Linaonyesha nani amepita.

Baraka kulikuwa na mke wa mvuvi, mja mzito wa mimba ya kwanza. Kila nilipopanda alinipa kibuyu cha mawese chenye shingo ndefu, nimpelekee mama mkwe wake Fizi. Masika yote kilifika kimejaa. Kiangazi kilipoingia, kikaanza kufika shingo tupu.

Mama yule alinusa mikono yangu, akanigeuza kama nguo sokoni akitafuta doa jekundu kwenye shati. Hakuliona. Basi lawama ikashuka Baraka.

“Muambie ule muke wa mutoto wangu,” alisema, “mutoto akizaliwa, mi siendi kumuoshea kwa nyumba ya mutu mwenye choyo.”

Nilipofikisha ujumbe, binti yule aliketi chini. Mama yake mzazi alikwisha kufa, na hapakuwa na mwingine aliyemtaka karibu siku ya uchungu. Akaniuliza kama kweli sikunywa. Nikamwambia anijazie mbele ya macho yangu. Alijaza hadi mafuta yakalowesha kizibo, tukafunga kwa kamba ya mgomba, fundo juu ya fundo.

Nilifika Fizi jioni, nikalala kwa jamaa nimekikumbatia kibuyu. Asubuhi baridi ilikuwa ya kuvaa magunia. Nilipompelekea mama, mafundo yalikuwa vilevile. Akafungua. Shingo tupu.

“Barabara ndiyo inakunywa?” akauliza.

Nilikitikisa. Baraka mafuta yalimiminika kama maji. Hapa kibuyu kilikuwa kimya. Nikachovya kijiti, kikatoka na mafuta mazito kama uji uliolala. Nikamwomba ruhusa nikiweke kando ya mafiga, maharagwe yakichemka. Alikubali, nadhani ili apate cha kunicheka. Tukakaa. Alinisimulia ubaya wa wanawake wa ziwani, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilisikiliza kwa furaha. Alipomaliza wa mtaa mzima, mafuta yalikuwa yamepanda shingo, yakifika mdomoni.

Alichungulia. Akachovya kidole, akalamba, akachungulia tena.

“Kumbe mafuta nayo inajikunja na baridi,” akasema. Akakirudishia kibuyu kizibo chake. “Sasa mi nitamuambia nini ule muke wa mutoto wangu?”

“Usimuambie kitu, mama. Shuka tu.”

Alishuka nami, mzigo wa muhogo kichwani, akilalamikia mwendo wangu hadi tambarare. Mlangoni pa mwanawe, binti yule alimpokea mzigo bila kumtazama usoni.

“Fizi iko baridi,” mama akasema. “Nimekuja kuota jua.”

Binti akamtandikia mkeka, akamuuliza kama amekula. Mimi ulimi uliniwasha kueleza habari ya mafiga, lakini mama alinikata jicho, nikaenda zangu kuangalia mitumbwi ikishusha samaki. Mtoto alizaliwa mwezi haujaisha, msichana, na aliyemwogesha kwanza ni yeye, bibi yake wa Fizi, akigomba kwamba maji ya Baraka hayapoi.