Kiboko Aliyeharibu Vipimo

Mama yangu, kule Dundori, huomba mvua kwa ajili ya viazi vyake. Mimi huomba jua. Huniuliza nilizaliwa na mkulima gani hata niombee ukame, nami humwambia ni kazi tu, mama. Si kweli kabisa.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna satelaiti inayopita juu yetu ikipima joto la ardhi na maji, na kadiri inavyozeeka huko juu, ambako hakuna fundi wa kuifuata, vipimo vyake huanza kupotoka. Kwa hiyo asubuhi isiyo na wingu naingia kwenye boti katika Ziwa Naivasha, na satelaiti inapopita naelekeza majini kipimajoto kinachofanana na kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona. Namba yangu naituma ng'ambo ilinganishwe na ya satelaiti. Anayelinganisha ni mume wangu.

Alienda kwa mkataba mmoja. Ukaja wa pili.

Namba zikilingana, huniandikia neno moja: "Safi." Halafu kimya, maana ana kazi nyingi, nami nabaki nikiliangalia hilo neno kama mtu aliyepewa chai bila sukari.

Siku moja kiboko aliibuka karibu nasi. Kawaida ni kuzima injini na kungoja maji yatulie, kwa sababu satelaiti huona ngozi ya juu tu ya maji, na injini ikiyakoroga, yale baridi ya chini hupanda.

"Madam, mimi sizimi," mwendesha boti akasema. "Huyu jamaa akikasirika tutaogelea."

Hatukuzima. Nilipima hivyo hivyo.

Mume wangu alipiga simu kabla sijafika ufukoni. "Wewe, hiyo maji yako imekuwa baridi aje? Ama satelaiti imeharibika?"

Nilipomweleza habari za kiboko alicheka hadi akakohoa. Tukaongea mpaka chaji ikaisha, mara kiboko, mara viazi vya mama, mara bati linalovuja juu ya kitanda chetu. Kipimo kile kilitupwa. Kwangu ilikuwa siku nzuri kuliko zote mwaka ule, na tangu hapo, Mungu anisamehe, nikawa natamani namba zisilingane.

Wiki iliyopita aliniambia wanampa mkataba wa tatu. "Unaonaje?" akauliza. Nikamwambia aamue mwenyewe. Mjinga mimi! Nilichotaka kusema ni rudi.

Jana anga ilikuwa buluu tupu. Kiboko alikuwa mbali, mgongo tu juu ya maji.

"Nizime, madam, ama bado tunamwogopa?"

Ningemwambia aiache injini ingurume, na simu ingelia. Nilitamani hivyo. Lakini kuna watu wanaozitegemea namba hizi kujua ukame unaelekea wapi, na mmoja wao ana viazi Dundori.

"Zima," nikasema.

Maji yakatulia. Nikapima, nikatuma.

"Safi."

Nikatia simu mfukoni, tukaanza kurudi. Ikatetemeka tena.

"Na kiboko, bado yuko?"

Nikaandika "Yuko," nikafuta. Kisha nikaandika upya: "Yuko. Lakini si yeye anayekungoja. Rudi nyumbani."