Viza Aliyoipata Zubeda

Zubeda binti Mussa alikuwa fundi cherehani pale Kensington, Johannesburg, kwenye chumba kimoja cha barabarani alichopanga pamoja na Thérèse, msusi kutoka Bukavu. Upande huu cherehani mbili, upande ule viti vya kusukia. Alikuwa mtu wa Tanga, wa maneno machache, na akina mama wa Kikongo walimletea vitenge kutoka hata Soweto, kwa kuwa gauni lake lilikuwa halirudishwi kurekebishwa.

Mumewe, Jumbe, aliishi Coventry, Uingereza. Naye ni mzaliwa wa Tanga, ila aliondoka angali kijana, akapata uraia wa huko. Walioana msikitini Johannesburg, mbele ya ndugu wachache, na baada ya wiki tatu Jumbe akarudi kwenye kazi yake ya kiwanda cha mikate. Walidhani viza ya mke ni jambo la miezi michache. Wakaambiwa mume lazima awe na mapato ya pauni elfu ishirini na tisa kwa mwaka. Mshahara wa mikate haukufika. Kilichomuuma Zubeda zaidi ni kwamba fedha yake mwenyewe, ya kushona kutwa nzima, haikuhesabiwa hata senti, maadamu ilipatikana Afrika Kusini.

Jumbe akaongeza kazi ya kupakua malori mwishoni mwa wiki. Kazi mbili zikijumlishwa zilivuka kiwango, ila ilibidi azishike zote miezi sita mfululizo ndipo karatasi za mshahara zikubalike. Akakonda. Akipiga simu alisinzia katikati ya maneno, na Zubeda aliiacha simu wazi amsikie anavyopumua. Alimwambia aache tu, wangoje. Jumbe akasema imebaki kidogo.

Katika mwezi wa tano kati ya hiyo sita, mzigo wa lori ukamwangukia. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Zubeda aliomba viza ya matembezi akamuuguze. Alikataliwa, eti hakuna uhakika kwamba angerudi. Akabaki anashona. Wateja walileta vitambaa vya harusi, naye akawapima viuno na kuitikia vicheko vyao. Kuna siku Thérèse alimkuta amekaa na gauni mapajani, cherehani imenyamaza, akafunga duka mapema bila kumuuliza kitu.

Ulipita karibu mwaka. Siku moja Jumbe akapiga simu mchana, ndiyo kwanza atoke kwa wakili. Alisema ameanza kulipwa posho ya ulemavu, na anayepokea posho hiyo habanwi tena na kile kiwango. Inatosha waonyeshe kwamba wawili wataweza kuishi kwa anachopata. Alieleza polepole, kama anayesoma tangazo.

"Kwa hiyo nilipokuwa mzima sikutosha," akamalizia. "Sasa ndiyo natosha."



Viza ikatoka. Thérèse alitaka waalike watu, wapike. Zubeda akamsihi asifanye. Cherehani akamuuzia Firmin, fundi wa mtaa wa pili.

Jioni ya kuamkia safari Jumbe alipiga tena. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, akageuza kamera amwonyeshe anapoishi: kitanda kimeshushwa sebuleni, kiti cha magurudumu kando yake, vyuma vya kushikilia vimefungwa chooni.

"Nilikuoa nikutunze, mke wangu," akasema. "Utaweza? Ukiona huwezi, usije. Sitakulaumu."

Alipaswa kujibu palepale. Lakini alikifikiria kitanda kile, na nchi asiyoijua, na mume aliyelala naye wiki tatu tu na miaka mingine yote kumsikia kwenye simu. Na kwa kitambo hakutaka kwenda. Kimya kilirefuka. Jumbe alikisikia, na Zubeda alijua kwamba amekisikia.

"Nakuja," akasema hatimaye.

"Haya," Jumbe akajibu, macho ameyapeleka pembeni.

Asubuhi Thérèse akamsindikiza uwanja wa ndege. Waliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, wakingoja nyekundu izime, akamuuliza kama ana furaha hata kidogo.

"Jana aliniuliza swali, dada," Zubeda akasema, "nikachelewa kulijibu."

Thérèse alimshika mkono. Hakuuachia mpaka gari lilipofika uwanjani.