Aalaak na Mfuniko wa Ghala

Aalaak hakuwa mtu wa kukaa kitako. Tangu aolewe na Nasuk, nahodha wa mashua ya kuwindia nyangumi, alisifika kwa usafi wa ghala lake la nyama, shimo refu lililochimbwa ndani ya ardhi iliyoganda. Kila mwaka kabla ya mawindo alishuka ngazi, akakwangua damu ya zamani, akatandaza theluji mpya. Nyangumi hajitoi kwa mwenye nyumba chafu. Hilo hata mtoto anyonyaye analijua.

Basi mwaka huu watu walishangaa kumwona kaketi juu ya mfuniko wa ghala kutwa, birika la chai pembeni.

"Mke wangu, una nini?" Nasuk akauliza.

"Naota jua."

"Jua lenyewe hili limepauka!"

"Ndiyo maana nalifariji."

Kumbe chini ya makalio yake palikuwa na maji. Ile ardhi ambayo babu zake waliiamini kama mwamba ilikuwa imeyeyuka, na ghala limekuwa bwawa la bata. Mabaharia wakijua, nyangumi atapelekwa kwa mwingine, na nyama ya sikukuu ya mawindo itagawanywa kwenye mlango mwingine. Na mlango huo, nani asiyejua, ni wa Flossie, dada yake Nasuk, mwenye mdomo usio na pazia.

Roho haikumtulia. Akaweka jiwe juu ya mfuniko, akaenda kuchungulia kwa wifi yake. Akamkuta Flossie naye kaketi juu ya mfuniko wake, anafuma soksi.

"Wifi, nawe unaota jua?"

"Naota. Kiti chako umemwachia nani?"

Kabla hajajibu, chini ya Flossie kitu kikadondoka: chubwi! Wote wawili wakatazama mawingu.

"Wifi," Aalaak akasema taratibu, "humo ndani unafuga samaki?"

Flossie akajikaza, akashindwa. Wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Mahali pa nyama ikabaki friza ya Roy, mume wa binti yake Aalaak, ambaye kijiji kizima kilimcheka: mtu wa huku ananunua baridi! Wakamkuta barazani.

"Si mlisema mimi mjinga?"

"Bado mjinga, baba. Sogea."

Aalaak akatoa piza zake zote, akasugua friza mpaka ikang'aa, kisha akatandaza theluji mpya chini.

"Mama, hii inagandisha yenyewe!"

"Nyangumi hajui habari za waya. Anataka kuona kapokelewa."

"Nusu ya friza iwe yangu," Flossie akasema, "na mdomo wangu nautia kufuli."

"Huo mdomo una kitasa?"

Lakini Aalaak akakubali. Jioni akamwita Nasuk, akamweleza yote, hata lile bwawa. Nasuk akainama juu ya friza, akaigusa theluji.

"Nyama tutaileta hapa," akasema. "Ila umeme ukikatika?"

Aalaak akaufunga mfuniko, akaukalia.

"Nipe birika langu."