Vidonge vya Mwari

Mimi na siri hatupatani. Watu husema nina mdomo, na kweli ninao. Lakini aliyekaa nyumba yetu ya Mji wa Kale katikati ya miaka ya tisini, akaona yaliyomfika dada yangu, angelipata mdomo hata kama alizaliwa bubu.

Dada alikuwa na kifafa. Kilimwanza utotoni, na nyumba nzima tulifunzwa kukificha mapema, kwa fimbo, kama tulivyofunzwa Kurani chuoni. Akianguka, mlango wa chini ulifungwa na redio ikapandishwa sauti. Jirani akiuliza, mama alisema ni tumbo lamsokota. Mtaani petu mwenye kifafa hakula sinia moja na watu, seuze kuolewa. Kwa hivyo posa ilipokuja, tena posa ya watu wa kheri, mama alishukuru Mungu, kisha hofu ikamwingia.

Dawa ya zamani ilikuwa ikimlaza dada. Alikuwa akizungumza nawe huku kichwa kinamwinama, na mama aliona bibi harusi anayesinzia atazusha maswali. Akampeleka kliniki moja upande wa Makupa, kati ya malori na wachuuzi, mahali ambapo mtu wa mtaani petu hangemwona. Nilikwenda nao. Daktari wa pale aliandika vidonge vipya, akasema mengi juu ya kupimwa damu na kurudi akiona mabadiliko, lakini mama alitoka na neno moja tu: asikose hata siku moja, akikosa kitamrudia kwa kishindo. Hayo mengine aliyaacha huko huko Makupa.

Harusi ilipokaribia dada akatiwa ndani. Kwetu mwari hatoki wala hapigwi na jua. Hukaa chumbani, na somo wake, yaani mama mtu mzima anayemfunda mambo ya unyumba, humsugua singo kila siku. Singo yenyewe ni liwa, ule mti wa kunukia uliosagwa, na mawaridi na dalia, ule unga wa manjano unaonukia, na husuguliwa mpaka ngozi ing'ae. Somo hakuambiwa habari ya kifafa. Vidonge mama alivificha chini ya kanga zake kabatini, akavitoa somo akishakwenda zake.

Basi upele ulipotokea, kila mtu alikuwa ashajua sababu. Ulianza kifuani, vidoa vyekundu, na homa juu yake. Somo akasema huenda liwa ya safari hii ni mbovu, akaibadilisha. Upele ukapanda shingoni, uso ukafura. Akaondoa mawaridi. Midomo ikapasuka vidonda, ikawa hata kumeza mate ni kazi. Mama akamfokea somo wa watu, maskini, ati amemharibia mwanawe, akaamuru singo ikomeshwe na mwari aogeshwe kwa maji ya mwarobaini. Vidonge vikaendelea, tena kwa bidii kuliko kwanza, maana mama alijua homa huamsha kifafa.

Nilimwambia tumrudie yule daktari wa Makupa, huenda ni dawa. Akaniuliza kama nataka dada yangu aanguke mbele ya wanawake wa mji mzima. Nikamjibu na aanguke, si tutamwinua! Kofi nililopata lilinizibua masikio.

Asubuhi moja nilimpelekea chai. Nilipofungua dirisha mwanga ukampiga usoni, nikaona weupe wa macho yake umegeuka manjano. Nilimwita mama. Mama alitazama, akasema ni dalia. Dalia! Dada alikuwa hajapakwa dalia tangu singo ikomeshwe, na hata angepakwa, dalia ni ya ngozi, haiingii ndani ya jicho la mtu. Hofu iliyonishika pale sijapata kuiona tena. Nilipiga kelele dirishani mpaka majirani wakajaa ngazini, na mbele ya majirani mama hakuwa na la kufanya ila kuita teksi. Alinikataza kwenda nao hospitali. Sababu ni huu mdomo wangu.

Niliruhusiwa siku ya pili, saa ya kuwatazama wagonjwa. Kwa mbali sikumjua dada. Ngozi ya mikononi ilikuwa ikibambuka kama ya mtu aliyemwagikiwa na maji moto, na macho yamegandana. Mkwe wake mtarajiwa, mamake bwana harusi, alikuwa ameshafika, mwanamke mpole, ameketi kando ya kitanda akimpepea kwa kipepeo. Mama alimimina uji kutoka kwenye chupa, akaupeleka mdomoni mwa dada. Dada akageuza uso ukutani. Mama akambembeleza. Dada akakaza midomo ile ile yenye vidonda, na damu ikamtoka.

Daktari wa pale hospitali, mwanamke kijana wa bara, akaingia. Alisema ini linazidi kuchoka, na kwamba kuna kitu bado kinaingia mwilini mwa huyu msichana. Akamuuliza mama tena, kwa upole, kama hakuna dawa yoyote anayotumia. Mama akatazama kipepeo cha mkwe, akasema hakuna, ni liwa tu. Nikafungua mdomo wangu, na dada akanitangulia.

"Nina kifafa, daktari," alisema, kwa sauti iliyokwaruza. "Dawa imo ndani ya uji huo."

Kipepeo kikasimama. Daktari alichukua kikombe mkononi mwa mama, kisha akanyoosha mkono mwingine akangoja, mpaka mama akatoa pakiti ndani ya buibui lake. Aliisoma, akasema hii ndiyo inayomuunguza, nje na ndani, na asiiguse tena maisha yake yote. Watamtafutia nyingine isiyofanana nayo. Akatoka mbio akiita wauguzi. Yule mkwe akaanza tena kupepea, kidogo kidogo, mpaka kengele ya kuondoka ilipolia. Akamfunika dada vizuri, akaaga, na sote tulijua hatamwona tena.

Dada alipona, baada ya taabu ambayo siwezi kuieleza. Jicho la kushoto halikupata kuona sawasawa tena, na harusi haikuwa. Lakini hayo yalikuja baadaye, na jioni ile hakuna aliyejua kama atafika asubuhi.

Mama aliinama kitandani. Nilidhani yuwataka kumbusu.

"Umetuvua nguo," alimwambia.

"Nalikuwa nafa, mama," dada akasema.

Mama alikusanya chupa yake ya uji na kifuniko chake, akaenda kuviosha.