Mlima Uliomwagikia Mtungi wa Harlan

Kabla hajawa mlima, Royce Tolliver alikuwa akiuza bima mjini Charlotte. Nasema mlima kwa sababu ndivyo alivyoandika mwenyewe kwenye kibao cha karakana yake: Mimi na Mlima Sorrel ni kitu kimoja. Mlima huo naujua, nimeupanda nikitafuta uyoga na nikitafuta ng'ombe wa watu, na sijawahi kuusikia ukimtaja Royce.

Si mtu mbaya. Anafinyanga vikombe vizuri sana, ila vikombe anaviona vya aibu. Yeye anataka mitungi mirefu yenye makunyanzi ya magome ya miti, isiyoshika maji wala maua. Ukimuuliza ni ya nini, anafumba macho.

"Mzee, huu ni ukungu wa asubuhi."

Mimi niliona mtungi uliopinda, nikanyamaza, maana alikuwa amenikaribisha maharagwe na mkate wa mahindi.

Huku bondeni wafinyanzi wana tanuri moja la kuni, refu, limelala kwenye mteremko kama nyoka aliyeshiba. Alilijenga Harlan Birdwell, mume wa Idella, na kila mtu huchoma vyombo vyake humo. Harlan alikuwa mtu wa kuegemewa. Royce aliazima kuni zake, gari lake, grenda yake ya kusagia, ngazi yake. Februari Harlan akafa kwa ugonjwa wa moyo, mwili ukachomwa, ngazi ikiwa bado kwa Royce.

Idella hakulia mbele ya watu. Alikaa kwenye gurudumu lake la kufinyangia, naye ni fundi hasa, akafinyanga mtungi wa majivu ya mumewe, mpana mabegani, wenye kifuniko. Watoto wao wangefika Jumapili, kesho yake baada ya tanuri kufunguliwa, wamweke baba yao humo. Alifinyanga mmoja tu.

"Nikifanya wa akiba nitajiona kama nanunua tairi la spea," aliniambia.

Wakati huohuo Royce akatangaza kwamba hatanunua tena udongo wa mifuko. Celeste Vanhoy, mama mwenye jumba la sanaa la mjini, alikuwa amemwahidi maonyesho, basi Royce akachimba tope jekundu kijitoni nyuma ya nyumba yake na kulifinyanga pamoja na mizizi yake.

"Umechoma kipande cha kujaribu?" Idella alimuuliza siku ya kupanga vyombo.

"Shemeji, mlima haufanyiwi mtihani."

"Royce, tope hilo si la moto mkali. Litayeyuka."

"Nimelichoma kwenye tanuri langu la umeme, likatoka gumu kama jiwe."

"Lile tanuri lako? Lile hata biskuti zinatoka mbichi. Weka kule mwisho, mbali na vyombo vya wenzako."

Akaweka kule mwisho. Idella alipokwenda kuchemsha kahawa, Royce akauhamishia mtungi wake mkubwa kwenye rafu iliyo juu ya mtungi wa Harlan, kwa kuwa hapo ndimi za moto hupita vizuri. Hayo aliyakiri baadaye, akikuna shingo.

Jumamosi, moto ulipokwisha na tanuri kupoa, tukabomoa matofali ya mlango wake. Celeste alikuwepo, amevaa buti mpya, amekuja kuchagua. Mtungi wa Royce haukuwepo. Ulikuwa umeyeyuka kama sukari guru, ukafurika ukingo wa rafu, ukamwagikia mabega ya mtungi wa chini na kukikamata kifuniko. Kioo cheusi kitupu.

Wa kwanza kusema alikuwa Celeste.

"Hiki! Mungu wangu, mvua inateremka korongoni! Royce, hiki kitakaa katikati ya ukumbi."

Royce akavuta pumzi, mlima ukamrudia usoni.

"Shemeji, hebu tazama lakini. Ni kama mlima umemkumbatia."

"Umemkumbatia? Umemfungia mlango! Watoto wanafika kesho. Nimtie kwa wapi, kwa sindano?"

"Ni maonyesho ya muda mfupi tu, halafu..."

"Ulimwegemea akiwa hai, sikusema. Sasa hata majivu yake yakupishe?"

Royce akawa anafikiri. Sote tulimwona akifikiri, na alichukua muda mrefu kuliko inavyompasa mtu muungwana. Midomo ilicheza kidogo. Nadhani alikuwa anatafuta jina la kukipa kile kitu. Kisha akaenda garini, akarudi na grenda. Ya Harlan, bila shaka.

Alikaa chini na kusaga hadi jua likaegemea mlimani, vumbi likimjaa nyusi, Celeste akimsihi aache kwa nusu ya kwanza ya kazi, kisha akaenda zake. Mwishowe kifuniko kikalia na kuachia. Kwenye bega la mtungi lilibaki tone moja jeusi. Royce akalielekezea grenda.

"Hilo liache," alisema Idella. "Harlan asipokuwa na kitu cha Royce mgongoni hatajua kama ni yeye."

Vipande vya kioo vilivyobanduka Royce alivikusanya ndooni. Baadaye nilivikuta mjini kwenye meza nyeupe, vimeitwa Mlima Unaomboleza, na watu wamevizunguka wakishika videvu.

Jumapili ile watoto walipomweka baba yao, Royce alifika akiwa amevaa tai, ngazi ya Harlan begani. Aliiegemeza ukutani polepole, upande uliovunjika kipago cha kukanyagia ukiangalia ukuta.