Blanketi la Kijani Juu

Jambo hili lilianza Jumamosi, siku moja baada ya shule kufungwa, saa tatu kasorobo asubuhi. Saa naijua vizuri kwa sababu mama alikuwa ameniambia niwe tayari saa mbili na nusu, na bado nilikuwa natafuta kiatu kimoja chini ya kitanda. Alinipa gunia la vitambaa, akalifunga mdomo kwa kamba, akasema, "Hili ni la cucu yako. Usilikalie njiani."

Cucu ni nyanya yangu, mamake mama. Mama ni fundi wa nguo huku Majengo, Meru mjini, na mwaka mzima alikuwa amemwekea vipande vilivyobaki: vyeusi vya suruali za shule, vyekundu vya sketi, vya kijani vya kanzu za kwaya fulani iliyobadilisha rangi. Vyeupe vilitoka kwa mifuko ya unga wa ngano iliyofuliwa mpaka maandishi yakaisha.

Cucu anaishi nje kidogo ya Siakago, kule chini kwenye joto. Chifu alikuwa ameambia kikundi chake cha kina mama kipambe jukwaa la Sikukuu ya Jamhuri, kila mmoja alete kitu cha rangi za bendera. Katibu wa kikundi ni mwalimu mstaafu. Ndiye aliyegawa kazi mkutanoni, na alipofika kwa cucu akasema mbele ya wote, "Wewe cucu macho yako yamechoka, na kalamu hukushika. Utatusaidia na uji."

Cucu alirudi nyumbani akamtumia mama ujumbe kwamba anataka vitambaa, na anataka mimi.

Mimi nina jina lake. Kwetu binti wa pili hupewa jina la mamake mama, kwa hivyo yeye haniiti mjukuu, ananiita wajina. Ananitania kama mtu wa rika lake na mimi naruhusiwa kumjibu vivyo hivyo, hata kumkosoa, jambo ambalo mama mwenyewe hathubutu. Lakini ruhusa ni kitu kimoja na mdomo ni kitu kingine. Mimi hata darasani, nikijua jibu, naangalia dawati.

"Wajina!" alisema nilipofika. "Umenenepa. Huko Meru wanakulisha nini?"

"Ndizi."

"Ndizi peke yake? Mimi nilidhani ni ng'ombe mzima."

Nikacheka tu. Jibu zuri lilinijia tukiwa tumeshalala.

Kazi zilikuwa nyingi siku zile. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na magugu yalikuwa yanashindana na ndengu. Tuliamka mapema tukapalilia mpaka jua likawa kali, kisha mimi nikaenda kufukuza ndege kwenye mawele huku nimebeba kazi yangu ya mkono. Kabla ya kutoka nilimtilia cucu uzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka kwa mstari kwenye mto wake, kwa sababu tundu la sindano halioni tena. Kushona anashona kwa vidole. Anapitisha kidole gumba kwenye mshono wa mwisho, anaweka sindano mbele yake, anavuta. Nilipima mishono yake kwa rula yangu ya shule. Ilikuwa sawa yote. Yangu haikuwa sawa.

Yeye alikuwa anatengeneza blanketi la viraka, bendera nzima ya kutosha kitanda cha watu wawili. Mimi nilikuwa na vitambaa vya kuwekwa kwenye migongo ya viti vya wageni, kila kimoja na ngao na mikuki miwili kwa mshono wa msalaba, ule tuliofundishwa katika Sayansi Kimu: unahesabu vishimo vya kitambaa, unavuka mmoja kulia, mmoja kushoto. Nilihesabu huku nikipigia ndege kelele, na kuna ngao moja ina tumbo upande mmoja kwa sababu ya ndege. Nilitengeneza pia ngao kubwa ya katikati ya blanketi. Hiyo niliifanyia nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Jumanne ya wiki ya pili, siku tatu kabla ya sikukuu, cucu aliniita barazani. Alikuwa amemaliza kuunganisha vipande. Alilitandika blanketi juu ya mkeka, akasimama na mikono kiunoni.

"Haya, msomi. Sema."

Nikaangalia. Juu palikuwa kijani, katikati nyekundu, chini nyeusi, na zile nyeupe nyembamba katikati yao zimenyooka kama zimepigwa rula. Nikasema, "Ni zuri, cucu. Lakini… kijani umeiweka juu?"

"Ningeiweka wapi?" Akaonyesha kwa mguu. "Huu mweusi ni udongo wa kwenu huko milimani. Huu mwekundu ni huu wetu tunaoukanyaga. Halafu kitu cha kijani kinaota juu. Umewahi kuona ndengu zikiota chini ya udongo?"

"Hapana."

"Basi."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Lakini alikuwa na furaha sana. Bendera yenyewe anaiona kwa chifu tu, akipita mbali, na akaniambia mwenyewe, "Ile kila siku nikipita iko imelala kwenye mti wake, haina upepo." Nikajiambia nitasema kesho.

Nakiri jambo hapa, kwa sababu daftari hili ni la ukweli. Kama ningesema Jumanne, hakungekuwa na kazi yoyote. Tungeligeuza tu blanketi, juu liwe chini. Lakini Jumatano asubuhi alichukua ngao yangu kubwa, akaniuliza ncha za mikuki ziko wapi, nikamwonyesha kwa kidole, zikitazama kijani. Akaishonea uzi mara mbili, mishono midogo kama mbegu za wimbi, asije mtu akasema imelegea. Kisha akaniambia nitie jina letu kwenye pembe ya chini. Nikalitia. Alipitisha kidole juu ya kila herufi.

"Hivi ndivyo tunavyoandikwa?"

"Ndiyo."

"Tumependeza," akasema.

Sasa hata blanketi lingegeuzwa, mikuki ingechoma ardhi na jina lingesimama kwa kichwa. Mchana ule jirani alikuja kukopa ungo na cucu akamwonyesha. "Wacha yule mwalimu aje na uji wake," alimwambia, na wote wawili wakacheka mpaka jirani akakaa chini. Mimi nilikuwa jikoni nachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Niliwaza vile cucu atakavyosimama Ijumaa mbele ya chifu, wageni na kikundi kizima, na katibu aseme kwa sauti yake ya darasani kwamba si aliwaambia.

Alhamisi katibu alikuwa aje saa kumi kuchukua vitu vyote vikatundikwe. Saa saba tulikula githeri. Saa saba na nusu nikasema. Nilisema nikiangalia sahani.

"Cucu, bendera ni nyeusi juu. Kijani ni chini."

Alitafuna akamaliza. "Nani kasema?"

"Ndivyo ilivyo. Shuleni tunaipandisha kila Jumatatu."

"Na wewe ulijua lini?"

"Jumanne."

Akaweka kijiko. Nilidhani atakasirika juu ya kijani, lakini alisema, "Kwa hivyo jana nikijisifu mbele ya mtu, ulikuwa jikoni unanisikia."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Wajina, kwa nini nilikuita wewe na sikumwita dada yako? Yeye anatia uzi kwenye sindano kukushinda. Nilikuita kwa sababu wewe una ruhusa ya kuniambia nimekosea. Wengine wote wananiheshimu." Neno hilo, wananiheshimu, alilisema kama anatema ganda. Kisha akafuta mikono kwa leso yake. "Leta wembe."

Tulifumua pamoja. Mishono yake haikutaka kutoka. Ilikuwa lazima nikate mmoja mmoja huku yeye akivuta uzi kwa kucha, na kila tukikwama anasema, "Huyu mzee alishona vizuri, alaaniwe." Mara ya tatu nikacheka, na kamasi zikanitoka, naye akaniambia nisizipanguse na bendera ya serikali.

Katibu alifika saa kumi kasoro, mapema kama walimu wote. Ngao ilikuwa mkononi mwangu na blanketi limelala vile vile, kijani juu, shimo la nyuzi katikati.

"Ai! Cucu!" akasema. "Hii mmeiweka kichwa chini! Si niliwaambia kazi hii…"

"Ni mimi, mwalimu," nikasema.

Sikujua kama nitasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, hata kuku akaruka. Katibu akanigeukia.

"Wewe? Wewe si unasoma?"

"Nasoma. Niliona tangu Jumanne nikanyamaza. Yeye ameshona vizuri. Angalia mishono, mwalimu. Aliyeiweka ngao hapo ni mimi."

Akainama. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye ile mistari myeupe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaangalia pembe.

"Jina hili ni la nani? Lako au la cucu?"

"Ni letu," cucu akajibu. "Hata makosa tumegawana. Mwalimu, kaa, kuna uji."

Katibu akamwangalia. Nadhani alielewa, maana alikaa, akanywa vikombe viwili, na alipoondoka na vitambaa vyangu kumi na viwili (ile ngao ya tumbo niliiweka katikati) alisema kwa sauti ya chini, "Lileteni wenyewe kesho, kabla ya saa mbili."

Tuligeuza blanketi. Cucu akashonea ngao upya, mikuki ikitazama nyeusi, na mwanga ukaisha akiwa kwenye mshono wa mwisho. Jina hatukuliwahi. Lilibaki pale juu pembeni, limesimama kwa kichwa. Nikamwambia nitaamka alfajiri nilifumue.

"Liache," akasema. "Mimi sijui kulisoma hata likisimama vizuri. Na wewe unalijua."

Asubuhi ya Ijumaa nilitia uzi kwenye sindano tatu, kama kutatokea la kurekebisha, nikazichomeka kwenye kola ya gauni langu. Nikabeba blanketi kichwani mpaka uwanjani, cucu mbele yangu na leso mpya. Kina mama walikuwa wengi na wawili walilichukua haraka wakaanza kulifunga, wakifuata jina, kijani ikaenda juu. Nikapanda kwenye kiti cha mgeni, kile chenye ngao ya tumbo, nikashika pembe na kusema mbele ya wote, "Hapana mama, geuzeni. Juu ni hapa." Wakageuza. Nikafunga kamba mwenyewe, vifundo viwili.